Somo la Msituni: Picha ya Uyoga Isiyodanganya



Wengi wenu mmeziona zile picha nilizobandika ubaoni nje ya kanisa baada ya mvua za masika. Mmeniuliza, "Mwalimu, hivi vikombe vya rangi ya waridi umevitoa nchi gani?" Sikuvitoa mbali. Viliota juu ya gogo lililooza, kando ya njia yetu ya kwenda mtoni, hapa hapa chini ya milima ya Usambara. Kila kimoja kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na sisi sote tulikuwa tunavipita. Basi leo tujifunze namna ya kupiga picha za vitu vidogo kama hivyo, na kwa nini yatupasa kuzipiga vizuri.

1. Kosa la mwalimu

Kwanza sina budi kusahihisha daftari langu mwenyewe. Kwa miaka mingi chuoni niliwafundisha walimu kwamba uyoga ni mmea usiokuwa na rangi ya kijani. Nao wakaenda kuwafundisha watoto. Sivyo. Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani, Robert Whittaker, alipendekeza kuvu wapewe himaya yao wenyewe, mbali na mimea. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba kuvu wako karibu zaidi na wanyama kuliko mimea.

Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kuvu hawezi. Hutoa majimaji ya kumeng'enya ndani ya gogo, kisha hufyonza kile kilicholainika. Kuta za seli zake zimejengwa kwa kitu kile kile kilichomo katika gamba la mende. Na huo tunaouita uyoga ni kama tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotapakaa ndani ya mti au udongo. Bila kazi yao, magogo na majani makavu yangerundikana msituni bila kurudi kuwa udongo.

2. Vyombo

Wapiga picha husema picha ni ya karibu kabisa pale kitu chenye urefu wa milimita 10 kinapoacha taswira ya milimita 10 juu ya filamu, au juu ya kile kipande kipokeacho mwanga ndani ya kamera za siku hizi. Kwa kazi hiyo iko lenzi maalumu, nayo ni ghali. Lakini usikate tamaa. Mimi nilianza kwa simu ya mjukuu wangu, yenye lenzi ndogo ya kubana juu yake. Ongeza karatasi nyeupe, kioo kidogo cha kujitazamia, mfuko wa mchanga wa kuegemezea kamera, na gunia la kupigia magoti. Gunia hilo usilidharau. Picha ya uyoga haipigwi na mtu aliyesimama.

3. Namna ya kupiga

Nenda asubuhi baada ya mvua, kabla upepo haujaamka. Lala au piga magoti mpaka lenzi iwe sawa na uyoga.

Ujue kwamba ukikaribia sana, sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba mno, pengine milimita moja au mbili tu. Mbele yake ukungu, nyuma yake ukungu. Kwa hiyo chagua jambo moja unalotaka lionekane. Usihangaike kuzungusha lenzi. Sogeza kamera yenyewe mbele na nyuma polepole, ukibana pumzi. Ukiwa na kamera yenye tundu la kurekebisha, lipunguze, na sehemu iliyo wazi itaongezeka. Lakini mwanga utapungua, basi egemeza kamera imara. Wako wanaopiga picha nyingi, kila moja mbele kidogo ya nyingine, kisha kompyuta ikaziunganisha kuwa moja.

Jua kali huharibu rangi. Litie kivuli kwa mwili wako, kisha rudisha mwanga laini kwa ile karatasi nyeupe.

Ukizoea, utaona mambo makubwa mahali padogo. Iko kuvu mmoja afananaye na kiota cha ndege chenye mayai. Kiota chote hakizidi upana wa sentimita moja, nayo mayai yana upana wa kama milimita mbili. Tone la mvua likianguka ndani, mayai hurushwa nje, pengine umbali wa mita moja, yakabebe mbegu zake mahali pengine. Kikombe ni mtego wa mvua! Nilikaa mbele ya kiota kimoja saa nzima nimejifunika mwavuli, wala tone halikuanguka pale nilipotaka.

4. Picha iliyotaka kutudanganya

Sasa sikilizeni jambo lililotupata nyumbani. Uyoga mkubwa mweupe, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia, uliota nyasini nyuma ya jiko. Mjukuu wangu akaupiga picha nzuri sana kutoka juu, akawatumia ndugu zetu kwa simu. Wawili wakajibu kwamba huo ni uyoga wa mchwa, tena mtamu. Mke wangu akateleka sufuria.

Jirani yetu mmoja, bibi aliyechuma uyoga tangu utoto wake, akaja kuomba moto. Nikamwamkia, nikamwonyesha ile picha kwa majivuno. Akaitazama, akacheka.

"Mwalimu," akasema, "umenionyesha kofia. Kofia hata mwizi huvaa. Chini yake kukoje? Na mguu wake umefika wapi?"

Tukatoka kwenda kutazama. Uyoga wa mchwa ulio mkubwa huwa na mguu mrefu kama mzizi, unaoshuka mpaka kwenye kichuguu, kwa maana mchwa ndio wanaoulima. Huu wetu haukuwa nao. Bibi akatuambia tuweke kofia moja juu ya karatasi nyeupe, tuifunike bakuli mpaka asubuhi. Asubuhi karatasi ilikuwa na vumbi la kijani hafifu. Huo ulikuwa uyoga ambao wataalamu huuita Chlorophyllum molybdites. Hutapisha na kuharisha vibaya, na ukiwa mchanga kurasa za chini ya kofia bado ni nyeupe, ndiyo maana hudanganya.

Sufuria ikaepuliwa. Mimi mwalimu nikanyamaza.

Tangu siku hiyo kila uyoga naupiga picha nne: juu, chini ya kofia, kwa kutumia kile kioo, mguu mpaka shinani, baada ya kufukua kidogo, na mahali ulipoota, pamoja na kijiti cha kiberiti ili ukubwa ujulikane. Pembeni naandika tarehe na rangi ya vumbi lake.

Hata hivyo, picha nne si ruhusa ya kula. Wako uyoga wa jamii ya Amanita ambao dalili zake huchelewa saa 6 mpaka 24, na sumu yake huharibu ini. Wala kupika hakuiondoi. Usiamini kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama kwa mtu. Usiamini simu. Kula ule tu unaofahamika hakika na mchumaji mzoefu aliyeushika mkononi. Mtu akiugua baada ya kula uyoga, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki yake.

5. Acha ulivyokuta

Ukigeuza gogo, ulirudishe. Chini yake kuna wenyeji. Ukienda katika hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, toka na picha tu. Na yale magogo mawili yaliyooza nyuma ya uwanja wa kanisa, nawasihi wenye zamu ya usafi wasiyachome. Nimehesabu juu yake aina saba za uyoga.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini uyoga si mmea?
2. Ukikaribia sana kitu, picha hupungukiwa na nini?
3. Taja picha nne zipasazo kupigwa kwa kila uyoga.
4. Nani katika mtaa wenu anaujua uyoga kwa kuushika? Mwendee angali hai, mwandike anayoyajua.