Manyoya ya Mbwa Nyumbani

Juu ya kuku na ng'ombe tumesoma mara nyingi, lakini juu ya mbwa sijapata kuona hata ukurasa mmoja. Nadhani sababu yake ni kwamba mbwa wetu wa asili hakutusumbua. Ana manyoya mafupi, hulala nje karibu na zizi, na yale machache yanayomtoka huchukuliwa na upepo. Siku hizi mambo yamegeuka kidogo. Hapa kwetu Mella, mpakani mwa Uganda na Kenya, wako watu waliojenga nyumba za matofali zenye sakafu ya simenti, na baadhi yao wamenunua mbwa wakubwa wa Kijerumani wawe walinzi. Mbwa hao hupukutisha manyoya mengi ajabu. Ukifagia asubuhi, saa sita utakuta vitonge vinaviringika sakafuni kama pamba. Utayakuta kwenye shati, kwenye mkeka, hata ndani ya ugali wa wimbi. Basi nataka kueleza manyoya haya yatoka wapi, yadhuru nini, na mtu afanyeje.

Mbwa ninayemsema ni yule ambaye wazee wengi bado humwita Alsatian. Jina lake hasa ni mbwa mchungaji wa Kijerumani. Aina hii ilianza kutunzwa kwa utaratibu mwaka 1899, wakati Max von Stephanitz, aliyekuwa askari wa Ujerumani, alipomnunua mbwa mmoja, akamwita Horand, akaanzisha chama cha wafugaji. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza hawakupenda kutamka jina lenye Ujerumani ndani yake, wakambatiza Alsatian, wala jina la asili halikurudishwa rasmi kwao mpaka mwaka 1977. Mnyama ni yule yule, alilelewa kuchunga kondoo katika nchi ya baridi, na koti lake ni la nchi ya baridi.

Mwenye mbwa wa namna hii na amtenganishe manyoya ya mgongoni kwa vidole vyake, aone mwenyewe. Juu yako manyoya marefu, magumu kidogo, yanayoteremsha maji ya mvua. Chini yake yako mengine mafupi, laini, yaliyosongamana karibu na ngozi. Haya ya chini ndiyo yanayojaza nyumba. Kila unyoya una maisha yake: hukua kwa muda, kisha huacha kukua na kupumzika, na mwisho hung'oka ili mwingine uchipue mahali pake. Mbwa wa Kijerumani ana manyoya mengi yaliyo katika kupumzika, yakingoja kuanguka tu.

Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa jiografia atalifurahia. Katika Ulaya mchana wa Juni ni mrefu sana na wa Desemba ni mfupi sana. Mwili wa mbwa huufuata urefu wa mchana kama sisi tufuatavyo kalenda, na kwa sababu hiyo hupukutisha kwa wingi mara mbili kwa mwaka, baridi inapokwisha na baridi inapokaribia. Walakini Mella iko kaskazini mwa ikweta kwa chini ya digrii moja. Mchana wetu wa Juni na wa Desemba hutofautiana kwa dakika chache tu. Kwa hiyo mbwa huyu hapati ishara iliyo wazi, naye hupukutisha kidogo kidogo mwaka mzima. Nimewasikia watu wakisema, "Tungoje msimu wake upite." Msimu haupiti, maana haukuanza.

Wengine hufikiri dawa ni kumnyoa kama kondoo. Mimi sishauri. Koti lile huzuia jua lisiichome ngozi, na likinyolewa mara nyingine huota tena vibaya, kwa mabaka.

Sasa nije kwenye madhara. Unyoya wenyewe ni kitu kilichokufa. Umetengenezwa kwa keratini, ndiyo hiyo hiyo iliyo katika kucha zetu na katika gamba la nje la pembe ya ng'ombe. Hauna sumu. Ubaya wake ni mizigo unayobeba. Mbwa hujiramba, na mate yake hukauka juu ya manyoya; ngozi yake nayo hutoa magamba madogo kuliko chembe za unga. Ndani ya mate na magamba hayo mna protini ambazo miili ya watu wengine haivumilii. Mtu wa namna hiyo akizivuta puani hupiga chafya, macho humwasha, na kama ana pumu, kifua hubana. Magamba ni mepesi. Ukifagia sakafu kavu kwa nguvu yanapaa na kuelea hewani, hata baada ya mbwa kutoka chumbani.

Mtu asidanganywe na muuzaji asemaye kwamba ana mbwa wa aina isiyoleta mzio. Mwaka 2012 wataalamu wa Uholanzi walipima protini hiyo katika mbwa wanaosifiwa hivyo na katika mbwa wengine. Katika manyoya ya hao wanaosifiwa ilikuwa nyingi zaidi, na katika hewa ya nyumba haikuonekana tofauti ya maana. Unyoya kuanguka ni jambo moja, na mzio ni jambo jingine.

Nyumbani kwetu jambo hili halikuwa la vitabuni. Mtoto wa kaka yangu ana miaka 7 na ana pumu. Katika kiangazi cha Januari alikuwa akiamka usiku huku kifua kinalia kama filimbi. Bibi yetu akasema neno moja tu: mbwa au mtoto. Kaka naye akajibu kwamba tangu mbwa yule aje, hakuna ng'ombe wetu hata mmoja aliyevushwa mpaka usiku, na ng'ombe hao ndio karo ya mtoto huyo huyo. Wote wawili walisema kweli, na ndiyo sababu nikaanza kusoma juu ya manyoya.

Yafaa niseme wazi kwamba si kila pumu hutokana na mbwa. Moshi wa kuni huleta, vumbi huleta, mafua huleta. Daktari ndiye wa kupima, na dawa ya kuvuta aliyoagiza haiachwi kwa sababu mbwa ametolewa nje. Tena, kama imethibitika kwamba mbwa ndiye chanzo, njia iliyo bora kuliko zote ni mbwa kuhama. Haya nitakayoyaeleza ni njia ya pili, ya watu ambao mbwa ana kazi kwao.

Kwanza mbwa atoke katika nyumba ya kulala, asiingie hata siku ya mvua. Sisi tulimjengea kibanda kando ya zizi, chenye sakafu iliyoinuliwa na paa la nyasi, na mlango unaoelekea njia ya ng'ombe. Ulinzi haukupungua, nadhani umezidi, kwa kuwa sasa yuko karibu na anachokilinda. Baada ya hapo nyumba ilisafishwa yote. Mablanketi yalifuliwa kwa maji ya moto, godoro likaanikwa na kupigwa mbali na mtoto, na mapazia yakashushwa. Hapa watu wengi hukata tamaa upesi, kwa kuwa mizigo ile ya mate na magamba hukaa ndani ya godoro na vitambaa kwa miezi, hata kama mbwa hayupo tena. Asiyeona nafuu katika wiki mbili asiseme kwamba kazi imeshindikana.

Kuchana ndiko kazi kubwa, na ifanywe nje, mbali na nguo zilizoanikwa, mchanaji akisimama upande upepo unakotoka. Mwenye pumu asiikaribie kazi hii. Tumia kitana cha chuma chenye meno mapana, anzia shingoni ukishuka mkiani, ukifuata yanavyolala, kisha rudia kwa kuyainua ili ufikie yale ya chini. Nyuma ya mapaja na nyuma ya masikio hufungamana sana. Fungua mafundo hayo kwa vidole, usivute. Sisi tunamchana mara tatu kwa wiki, robo saa kila mara, na manyoya ya siku moja hujaza kofia. Nimeona vijana wakitumia kipande cha msumeno wa chuma badala ya kitana. Kweli kinatoa manyoya mengi, lakini hukata na yale mazima na kuikwaruza ngozi, nami sikukipenda.

Kwa viti na nguo, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ni bora kuliko brashi. Kiloweshe kidogo, sugua kuelekea upande mmoja, na manyoya yatakusanyika kama uzi. Mpira huu haukosekani kwetu, maana bodaboda zilianzia mpakani hapa hapa Busia, zikiwa baiskeli za kuvusha watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, kabla ya pikipiki kuzipokonya kazi. Sakafu nayo isifagiwe kavu. Bibi zetu waliosiriba kwa samadi walinyunyiza maji kwa mkono kabla ya kufagia, na desturi hiyo ndiyo hasa anayoihitaji mwenye simenti, ingawa mwenye simenti ndiye aliyeiacha. Kupangusa kwa kitambaa chenye maji ni bora zaidi.

Kuoga mara moja kwa mwezi kwatosha. Sabuni ya kila wiki huondoa mafuta ya ngozi, ngozi hukauka, na magamba huongezeka. Chakula nacho kina sehemu yake. Mbwa anayelishwa ugali mtupu huwa na manyoya makavu yanayokatika. Dagaa wachache wa ziwani humsaidia. Lakini akionekana na mabaka matupu ya mviringo, au anajikuna mpaka damu, huko si kupukutisha kwa kawaida. Huenda ni upele, au choa kinachoweza kuambukiza watoto, na huyo ni wa daktari wa mifugo.

Kuna mzigo mwingine ambao unyoya hubeba, nao sikupenda kuuacha. Yuko tegu mdogo sana anayekaa tumboni mwa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi na huweza kunata kwenye manyoya. Mtoto akimshika mbwa kisha akala bila kunawa, huyameza. Ndani ya mtu mayai hayo huwa uvimbe wenye maji katika ini au mapafu, ukikua polepole kwa miaka, na mara nyingi hutolewa kwa kupasuliwa. Waturkana, ambao lugha yao na Kiteso chetu ni ndugu, waliteswa sana na ugonjwa huu, na mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kuupiga vita huko. Mbwa humpata tegu huyo kwa kula maini na mapafu mabichi yenye uvimbe wakati mifugo inapochinjwa. Basi siku ya kuchinja, matumbo yenye kasoro yachomwe au yafukiwe kwa kina, mbwa asitupiwe. Dawa yake ni prazikwanteli, na daktari wa mifugo ndiye aonyeshaye kipimo. Viroboto na kupe nao hupenda maficho ya manyoya, na kitana huwatoa hadharani.

Manyoya yaliyochanwa tusiyachome. Yana salfa, na ndiyo iletayo harufu ile mbaya. Yafukie shinani mwa migomba. Huoza polepole na kuipa ardhi naitrojeni. Kwenye bustani ya sukumawiki usiyaweke, kwa sababu ya mayai niliyoyataja.

Iko pia heshima ya wageni. Majirani zetu Waislamu wa madhehebu ya Shafi huhesabu mbwa kuwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara 7, mara moja kwa udongo. Mgeni huyo atandikiwe mkeka ambao mbwa haujui. Na wazee wa Kiteso wanaouzunguka mtungi wa ajono kwa mirija yao mirefu wana malalamiko yao. Kichujio cha mrija huzuia makapi ya wimbi, na unyoya pia hauwezi kupita. Lakini mzee akiuona unaelea juu ya mtungi, kichujio hakimsaidii kitu.

Tangu Januari tunaandika katika daftari kila usiku ambao mtoto ameamka kwa kifua. Mwezi huo wa kwanza aliamka usiku 11. Mbwa alihama mwanzoni mwa Februari, na Februari tuliandika 9. Machi ikawa 5, na Aprili 2. Kaka alifurahi akataka kulifunga daftari. Mimi nilimwonyesha kwamba Aprili ni mwezi wa mvua, vumbi limelala, hata mwaka jana mtoto alipata nafuu Aprili wakati mbwa angali analala chini ya kitanda chake. Hesabu itakayotuambia kitu ni ya kiangazi dhidi ya kiangazi. Bibi amekubali kungoja Januari ijayo, na mjomba aliye ng'ambo ya Malaba, asiye na mtoto mwenye pumu, amesema kibanda anacho.