Usonji ukubwani na maswali ya kujuana
Mwezi Desemba, wenyeji wa Kirua Vunjo wanaporejea vihambani kwa Krismasi, maswali huwa mengi: habari za safari, za kazi, za watoto, wewe ni wa ukoo gani, umeshaoa? Kwa mtu mzima mwenye usonji, mfululizo huo waweza kuwa mzigo. Shikamoo, kwa maoni yangu, haina taabu, maana jibu lake ni moja. Lakini "Habari za nyumbani?" yaweza kumfanya aeleze kwa kirefu juu ya paa linalovuja, au anyamaze, aitwe mwenye majivuno.

Si kwamba hapendi mazungumzo. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanazuoni wa Uingereza ambaye naye ana usonji, alieleza kuwa kutoelewana huko kuna pande mbili. Utafiti wa Catherine Crompton na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba watu wenye usonji walipopokezana habari wao kwa wao walizifikisha sawasawa na wasio na usonji. Zilipotea zaidi makundi hayo yalipochanganywa.

Hatari iko kliniki. Aliyezoea kujibu "Nzuri" atajibu hivyo hata akiwa na maumivu, na faili litaandikwa hivyo. Mhudumu, uliza jambo mahususi: "Jana usiku ulilala saa ngapi? Tumbo linauma upande gani?" Kisha subiri jibu, wala usimlazimishe akutazame machoni. Nawe mgonjwa, unaweza kusema: "Swali hilo sijalielewa, naomba uniulize kwa namna nyingine," au kuleta majibu yako yameandikwa kwenye karatasi.