Kutoka Kijiweni Hadi Mkutano Mkuu: Namna ya Kutoa Pendekezo Likasikika



Hakuna kijiji cha mwambao wa Ziwa Victoria kisichokuwa na mahali pake pa mazungumzo. Pengine ni kivulini mwa mti karibu na mwalo, ambapo nyavu hushonwa. Pengine ni kwenye benchi la muuza kahawa, kisimani, au kwenye mashine ya kusaga. Hapo ndipo watu huambiana kwamba bomba limekatika, kwamba barabara ya kwenda mnadani haipitiki, kwamba taa moja tu mwaloni ingewaondolea akina mama adha ya kupokea mzigo gizani. Mazungumzo hayo hayana ajenda wala katibu, lakini ndimo yanamozaliwa mahitaji ya kweli ya kata zetu.

Kwa bahati mbaya, mengi hufia papo hapo. Jioni hoja huwa ya moto. Asubuhi kila mtu amekwenda kwenye shughuli zake. Mpango wa kijiji huandikwa bila hoja ile, mwaka wa fedha hupita, na wananchi hubaki wakisema kuwa Serikali haisikii. Somo la toleo hili linaeleza namna pendekezo linavyoweza kusafiri kutoka kijiweni hadi mahali linapoamuliwa, na wajibu wa kila mmoja wetu katika safari hiyo.

1. Kijiwe ni shule ya kwanza ya hoja

Mazungumzo ya kawaida yana kazi ambayo mkutano rasmi hauwezi kuifanya. Mkutanoni watu huogopa kukosea. Kijiweni huuliza bila haya. Mkutanoni anasema mmoja baada ya mwingine; kijiweni hoja hupigwa msasa na watu kumi kwa mara moja. Mtu mwenye pendekezo alianzie huko, apime kama shida anayoiona yeye inaonwa na wenzake pia.

Kujiunga na mazungumzo ya watu kuna adabu yake. Wavuvi na wachakataji wa dagaa huhama kutoka kambi moja hadi nyingine kufuata samaki, hivyo katika mialo yetu wageni hawakosekani. Mgeni husalimu, husikiliza kwanza, huuliza jambo hilo lilishughulikiwaje kabla yeye hajafika, ndipo huchangia. Mwenyeji naye asimkatishe kwa kumwambia kwamba amekuja jana. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mara nyingi mgeni ndiye aliyeona kwingine utaratibu ambao sisi hatujaujaribu.

Mambo matatu huharibu mazungumzo ya kijiweni: kumtaja mtu badala ya kutaja tatizo, kueneza jambo ambalo hujalihakiki, na kuligeuza kila jambo kuwa ushabiki wa chama. Hoja ya maji ikishakuwa hoja ya ugomvi, wenye ndoo tupu ndio wanaoumia.

2. Sheria inakupa nafasi gani

Ibara za 145 na 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 zinaweka vyombo vya Serikali za Mitaa na kueleza kuwa madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Vyombo hivyo vya wilaya vilivunjwa katika mfumo wa Madaraka Mikoani ulioanza mwaka 1972, vikarejeshwa mwaka 1984 chini ya sheria zilizotungwa mwaka 1982. Kwa hiyo haki ya kusema juu ya huduma za kijiji chako si hisani ya kiongozi yeyote.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inaeleza kuwa Mkutano Mkuu wa Kijiji unaundwa na kila mtu mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ambaye ni mkazi wa kawaida wa kijiji hicho. Haichagui mwenye mtumbwi na asiye nao, wala haimbagui mama anayeanika dagaa kwa sababu hakuzaliwa hapo. Mkutano huo hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ndiyo inayoendesha shughuli za kijiji kati ya mkutano na mkutano, na Afisa Mtendaji wa Kijiji ni katibu wake. Kwa wenzetu wa Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, chombo cha msingi ni mtaa.

Kutoka kijijini, mapendekezo hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni Diwani, kisha hufika kwa wataalamu na kamati za Halmashauri ya Wilaya, na hatimaye Baraza la Madiwani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Bajeti huandaliwa miezi mingi kabla ya Julai. Anayesubiri Juni ili atoe pendekezo lake amekuta mlango umekwisha kufungwa.

3. Mfano: chanja za kuanikia dagaa

Tuchukue mfano mmoja ili somo lieleweke. Tuseme akina mama wa mwalo fulani huanika dagaa mchangani. Dagaa huchanganyika na mchanga, kuku na mbuzi hupita juu yake, na mvua ikinyesha ghafla mzigo huoza. Dagaa wa namna hiyo akifika soko la Mwaloni, Kirumba, ambako hufika wanunuzi hata kutoka nchi jirani, hushushwa bei au huishia kuwa chakula cha mifugo. Dagaa aliyekaushwa juu ya chanja iliyoinuliwa kutoka ardhini hukauka vizuri zaidi, kwa kuwa hewa hupita juu na chini, na hubaki safi.

Kijiweni, malalamiko huwa hivi: "Sisi tumesahauliwa, hakuna anayetujali." Maneno hayo yanaweza kuwa na uchungu wa kweli, lakini hayampi msikilizaji kazi ya kufanya. Pendekezo linalofanyiwa kazi hujibu maswali matano:

Kwanza, tatizo ni lipi hasa? Si "dagaa zinaharibika," bali ni ndoo ngapi zilizoharibika katika msimu wa mvua uliopita, kwa hesabu ya wanaoanika wenyewe. Kila mmoja aandike zake kwenye daftari. Jumla itazungumza kuliko kelele.

Pili, linamgusa nani? Wahesabiwe wanaoanika, na wanaowategemea: wenye mitumbwi, wachuuzi, wabebaji.

Tatu, tunaomba nini? Chanja ngapi, za ukubwa gani, zijengwe wapi, na eneo hilo ni la nani. Jambo la ardhi lisirukwe: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu.

Nne, sisi tunachangia nini? Pengine ni miti, mawe, nguvu kazi, au mlinzi wa zamu. Kundi pia linaweza kujisajili na kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu.

Tano, nani atatunza? Chanja isiyo na mwenyewe huwa kuni kabla ya mwaka kwisha.

Ukijibu matano hayo, malalamiko yamekwisha kuwa pendekezo.

4. Kila hoja ina mlango wake

Si kila jambo lazima lisubiri Mkutano Mkuu. Mengine hukwama kwa sababu tu yamepelekwa kusikohusika.

Jambo la uvuvi na mwalo lianzie kwenye Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, ambacho wengi tunakijua kwa jina la BMU, na kwa Afisa Uvuvi. Vikundi hivi vinatambuliwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003.

Jambo la maji vijijini lipelekwe kwenye chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Vyombo hivyo husimamiwa na RUWASA, wakala ulioanza kazi mwaka 2019. Msilichukulie jepesi jambo hili: mtu anayelazimika kuchota au kufua ziwani kwa kukosa bomba hukabiliwa na kichocho, na katika baadhi ya maeneo hata mamba na kiboko.

Barabara za vijijini ni za TARURA. Umeme ni wa TANESCO. Zahanati na kituo cha afya vina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na shule ina kamati ya shule. Ikiwa hujui mlango, muulize Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Kuelekeza ni sehemu ya kazi yake.

5. Siku ya mkutano

Pendekezo lipelekwe kwa Mwenyekiti wa Kitongoji au kwa Mtendaji kabla ya mkutano, kwa maandishi ikiwezekana, ili liingizwe kwenye ajenda. Likiachwa hadi "mengineyo," huenda likasikilizwa na watu waliokwisha simama kuondoka.

Lisemwe kwa ufupi. Kwa mfano: "Ndugu Mwenyekiti, nasema kwa niaba ya wanaoanika dagaa katika kitongoji chetu. Tumehesabu hasara ya msimu uliopita, na orodha hii hapa. Tunaomba mkutano uridhie eneo la kujenga chanja, nasi tutatoa miti na nguvu kazi." Maneno hayo huchukua chini ya dakika moja, na katibu anaweza kuyaandika kama yalivyo.

Ukipingwa, usikasirike. Huenda anayepinga ameona jambo usiloliona: pengine eneo mlilochagua hufurika maji ya ziwa yanapopanda, au ni njia ya ng'ombe kwenda kunywa. Penye wengi hapaharibiki neno. Pendekezo lililorekebishwa na wapinzani wake hutoka likiwa na nguvu zaidi.

Viongozi wa vijiji nao wana wajibu wa kuchagua siku ambayo watu wanaweza kuhudhuria. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika. Mkutano ukiitishwa asubuhi katika siku za giza, wavuvi wamelala na akina mama wako kwenye kuanika. Watakaohudhuria ni wachache, na maamuzi yatakuwa ya wachache. Kutazama mwezi kabla ya kupanga tarehe hakugharimu hata shilingi moja.

6. Baada ya mkutano

Pendekezo lililokubaliwa lakini halikuandikwa ni sawa na lisilotolewa. Hakikisha limeingia katika muhtasari, pamoja na jina la cheo cha atakayelifuatilia na tarehe ya kutoa taarifa. Katika mkutano unaofuata, muhtasari ukisomwa, simama uulize kwa upole limefikia wapi. Mapato na matumizi ya kijiji hutakiwa kuwekwa wazi. Yasome kwenye ubao wa matangazo, usisubiri kusimuliwa.

Ukihitaji taarifa zaidi, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30.

Yapo mapendekezo mazuri yatakayokataliwa, kwa sababu fedha hazitoshi na mahitaji ni mengi. Jibu la "hapana" lenye sababu lina manufaa yake: hukuonyesha cha kurekebisha kabla ya mwaka ujao. Dai sababu hiyo, iandike, kisha irudishe kijiweni ijadiliwe tena. Vivyo hivyo, jambo likifanikiwa, habari irudi palepale ilipoanzia, ili aliyelisema kwa mara ya kwanza akiwa ameshika kikombe cha kahawa ajue kwamba neno lake lilifika.

Zoezi kwa vikundi na vitongoji

Chagueni jambo moja ambalo limezungumzwa kijiweni kwenu zaidi ya mara tatu mwezi huu. Lijibuni kwa maswali matano ya sehemu ya tatu. Taja mlango unaolihusu. Ulizeni tarehe ya Mkutano Mkuu ujao, na mchague mtu mmoja atakayesema na mwingine atakayeandika. Kisha fikeni mapema, mkae mbele.