Kikombe Kimoja cha Nini? Mafunzo Matano Niliyopata Jikoni

Mwaka wangu wa kwanza wa kuoka keki za kuuza, niliharibu keki ya mahafali ya mteja. Resipi ilitaka unga vikombe vitatu, nikapima vitatu kamili. Ikatoka ngumu, imepasuka juu kama udongo wa kiangazi. Wiki ileile nikanunua mizani ndogo ya jikoni, nayo ndiyo iliyonifundisha haya.

1. Kijue kikombe chako

Nilikuwa napimia kikombe cha bati cha chai. Nikakiweka kitupu kwenye mizani, nikarudisha sifuri, nikajaza maji: gramu 340. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, kwa hiyo kikombe changu kilikuwa cha mililita 340. Cha resipi nyingi ni 250, na cha Kimarekani ni 237 hivi. Utasema, si vyote vilipimwa kwa kikombe hichohicho? Unga, sukari na maziwa, ndiyo, vilizidi kwa pamoja. Lakini mayai yalibaki manne, na siagi pakiti moja.

2. Unga husikiliza mkono

Nikachukua kikombe cha mililita 250. Nilipotia unga wa ngano kwa kijiko na kuusawazisha kwa kisu, nilipata gramu 127. Nilipouchota moja kwa moja mfukoni, 149. Nilipogongagonga kikombe na kuushindilia, 168. Kikombe ni kilekile, unga ni uleule.

3. Usiulize kikombe ni gramu ngapi bila kusema cha nini

Kikombe hicho cha mililita 250 hubeba sukari kama gramu 210, mafuta ya kula 230, na asali 350 hivi. Mchele nao upime kabla ya kuuloweka, maana ukishanywa maji uzito wake si ule tena.

4. Vidogo viachie kijiko

Mizani yangu husoma kuanzia gramu moja, na kwa beking pauda gramu moja ya makosa ni nyingi. Hapo natumia kijiko cha kupimia cha mililita 5, kilichosawazishwa. Kijiko cha kukorogea chai hakifai. Kila nyumba ina chake.

5. Hata “kiasi” hupimika, ila si chote

Bibi yangu hupika mkate wa kumimina bila kuandika chochote. Mchele wake ni kopo moja. Nikalipima, gramu 480. Tui je? “Tia kiasi, mwanangu.” Nikapima jagi la tui kabla hajamimina na baada ya kumimina. Limepungua gramu 310. Nikaona siri nimeipata.

Kesho yake nikapika mwenyewe kwa tarakimu zilezile. Bibi akateka uji kwa upawa, akauacha ushuke, akatikisa kichwa. “Mzito huu.”

“Gramu ni zilezile, Bibi.”

“Gramu zilezile, nazi si zilezile. Jana tui lilikuwa jepesi.”

Nikaongeza maji kidogo, uji ukashuka kama utepe. Kwenye daftari langu sasa imeandikwa: tui gramu 310, kisha tazama upawa.