Somo: Ada ya Bima Iliyobaki kwa Wakala

Usharika wetu mmoja wilayani Temeke ulimlipa wakala ada ya bima ya gari, fedha taslimu. Ajali ilipotokea, kampuni ikasema haikupokea kitu.

Je, tulipe tena? Hapana. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, anachotenda wakala ndani ya mamlaka aliyopewa humfunga aliyemtuma. (Dalali wa bima ni mwingine, yeye kwa kawaida humwakilisha mteja.)

Tatizo letu ni ushahidi: mhazini alikuwa na kikaratasi kisicho na muhuri. Kamati zidai stakabadhi ya kampuni siku ileile, na kuhakiki stika kwenye mfumo wa TIRA.

Shauri tumelipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Tunasubiri.