Kujifunza Ilimba kwa Simu

Siku hizi vijana wengi vijijini wana simu zenye intaneti. Wengine wanazitumia kujifunza muziki wa jadi. Je, simu inaweza kumfundisha mtu kupiga ilimba? Tunajibu: inaweza, lakini siyo yote. Hebu tuangalie.

Ilimba ni chombo cha muziki cha Wagogo wa Dodoma. Ni sanduku la mbao lenye uwazi ndani. Juu yake vimebanwa vyuma vyembamba. Mpigaji hubonyeza vyuma hivyo kwa vidole gumba. Chuma kirefu hutoa sauti nzito, na kifupi hutoa sauti nyembamba. Kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui ili sauti ivume. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka ilimba nchi nyingi za nje. Hata leo tunaweza kumsikiliza kwenye intaneti.

Faida za simu

Kwanza, simu haichoki. Unaweza kurudia wimbo mara 20. Pili, unaweza kupunguza kasi ya picha hadi nusu, ukaona kila kidole kinavyokwenda. Tatu, wanakikundi wanaweza kuchanga fedha za bando, wakahifadhi somo moja na kulitazama pamoja hata pasipo mtandao.

Lakini angalia! Mpigaji akikutazama kwenye picha, mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Wengi hukosea hapo.

Hatari yake

Katika kikundi kimoja tulichokitembelea, kijana aliazima ilimba ya babu yake. Alikuwa na programu ya kupimia sauti kwenye simu. Programu ikamwambia kwamba vyuma vyote vimekosewa. Basi, akavisukuma kimoja kimoja mpaka simu ikakubali. Mzee alipoipiga alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hii siyo ilimba tena. Sasa nitaimba na nani?"

Kosa lilikuwa wapi? Programu ile ilitengenezwa kwa ajili ya kinanda na gitaa. Vyombo hivyo hupanda kwa hatua 12 zilizo sawa. Ilimba haifuati hatua hizo. Sauti zake ni chache, na hupangwa kwa sikio zipatane na uimbaji wa Wagogo wenyewe. Simu iliona kosa mahali ambapo hapakuwa na kosa. Mzee alikaa siku mbili akivirudisha vyuma mahali pake. Je, angekuwa amekwisha kufariki, nani angevirudisha?

Tufanye nini?

Vidole tujifunze kwa simu, lakini sauti tupange kwa mzee. Penye wazee haliharibiki jambo. Tena tuitumie simu hiyo hiyo kuhifadhi ujuzi wake, hivi:

1. Mwombe mzee ruhusa. Muulize pia ni nyimbo zipi hapendi zisambazwe.
2. Tafuta mahali pasipo kelele wala upepo.
3. Simama nyuma ya bega lake, upige picha vidole vyake. Hivyo mwanafunzi ataona kama anavyoona mpigaji.
4. Kabla ya wimbo, mwombe apige chuma kimoja kimoja, polepole. Hicho ndicho kipimo chetu cha kupangia ilimba nyingine.
5. Mwache aeleze wimbo huimbwa lini na kwa nini.
6. Weka nakala kwenye simu mbili au tatu. Simu moja ikiharibika, kazi isipotee.

Kazi hii ni ya saa moja tu. Tusingoje msimu ujao.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini programu ilisema ilimba imekosewa?
2. Katika kijiji chenu kuna chombo gani cha jadi? Wanaojua kukipanga sauti wamebaki wangapi?
3. Nani katika kikundi chenu atakwenda kwa mzee wiki hii?