Ili Parokia Ikujue kwa Jina: Vidokezo kwa Mkatoliki wa Benchi la Nyuma

Parokia nyingi za mjini zina misa tatu au nne kila Dominika. Ukizoea misa ya kwanza, ukakaa benchi la nyuma na kuondoka matangazo yakianza, unaweza kumaliza miaka mitano Dar es Salaam bila mtu yeyote kanisani kulijua jina lako. Amri ya kusali Dominika umeitimiza, hakuna wa kukulaumu. Ila ukiugua, hakuna pia wa kukuulizia. Vidokezo hivi ni vya msomaji wa namna hiyo: imani anayo, kazi anayo, foleni ya kwenda na kurudi anayo, na hajui aanzie wapi.

1. Nenda jumuiya kabla hujahitaji barua

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki na nchi jirani, chini ya shirikisho lao, AMECEA, walikubaliana kuzipa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kipaumbele katika uchungaji. Matunda yake unayaona mtaani kwako: kaya kadhaa za jirani, mtakatifu somo wao, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na sala ya kila wiki inayozunguka nyumba kwa nyumba.

Parokia nyingi hazibatizi mtoto wala hazifungishi ndoa bila barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Ndiyo maana kila jumuiya ina kumbukumbu ya wachumba walioibuka miezi mitatu kabla ya harusi, wakasali kwa sauti kuliko wenyeji, kisha wakapotea hadi walipopata mtoto wa kubatiza. Usiwe mmoja wao. Kama umehamia karibuni, muulize katekista mtaa wako uko jumuiya gani, chukua namba ya mwenyekiti, uende. Ukifika mlangoni, "Tumsifu Yesu Kristo" inatosha kukutambulisha. Mengine watakuuliza wenyewe, na watauliza mengi.

2. Usikubali hatua ya sita irukwe

Jumuiya nyingi husoma Injili ya Dominika kwa hatua saba zilizotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyogusa moyo, kukaa kimya, kushirikishana, kujadili kazi ya kufanya, na kumalizia kwa sala. Hiyo ya sita, ya kazi, ndiyo inayorukwa. Giza limeshaingia, chai ya mwenye nyumba inanukia, na aliyeshirikisha mwisho ametoa hotuba ndefu kuliko mahubiri ya paroko. Mwenyekiti anatazama saa, anasema, "Tusimame tusali." Watu wanasimama upesi ajabu.

Kwa maoni yangu, jumuiya inayoruka hatua hiyo wiki baada ya wiki imebaki kikundi cha kusoma. Wewe kuwa yule msumbufu wa kunyoosha mkono na kuuliza: wiki hii tunafanya nini, anakwenda nani, siku gani? Jibu lisiwe kubwa. Bibi anayeishi peke yake afuliwe mashuka. Mama aliyejifungua achotewe maji. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa daftari apatiwe daftari. Kazi ipewe mtu mwenye jina, kwa sababu kazi ya "sisi sote" haina mwenyewe. Na wiki inayofuata, kabla ya wimbo wa kuanzia, uliza kama ilifanyika. Mara mbili za kwanza watakukasirikia.

3. Chagua chama kimoja, ukifahamu

Wanawake wana WAWATA, iliyopo tangu 1972. Wanaume wana UWAKA, vijana wana VIWAWA, wanafunzi wana TYCS. Juu ya hivyo kuna vyama vya kitume, na hapa watu wengi huingia kwa kufuata rangi ya sare au rafiki. Tazama kazi kwanza.

Chukua mfano wa viwili vinavyofanana kwa mbali. Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo lilianzishwa Paris mwaka 1833 na mwanafunzi wa chuo kikuu, Frédéric Ozanam, pamoja na wenzake. Legio ya Maria ilianza Dublin mwaka 1921. Wanachama wa vyote viwili hutoka wawili wawili kutembelea watu majumbani. Lakini Mvinsenti humfikia maskini akiwa na unga, dawa au kodi ya chumba, wakati Mlegio hukatazwa na kanuni za chama chake kutoa msaada wa mali. Yeye hupeleka muda, masikio na sala, halafu hurudi kwenye mkutano wa wiki kutoa taarifa ya kazi yake. Kwa hiyo asiye na fedha asidhani hana cha kufanya parokiani, na mwenye fedha asiye na muda ajiulize vizuri kabla ya kuapa.

4. Sala ifuate ratiba yako halisi

Rozari nzima ya matendo matano huchukua kama dakika ishirini, na foleni ya daladala ina zaidi ya hizo. Jumatatu na Jumamosi ni Matendo ya Furaha, Jumanne na Ijumaa ya Uchungu, Jumatano na Dominika ya Utukufu, Alhamisi ya Mwanga, haya ya mwisho yakiwa yameongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002. Kama huna nafasi ya yote, sali kumi moja. Malaika wa Bwana ni fupi zaidi: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Mfanyakazi wa dukani anaweza kuisali bila mteja kujua.

5. Kwaresima iwe na hesabu

Kufunga kunawahusu wenye miaka 18 hadi 59, siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, na mingine miwili midogo ambayo hata kwa pamoja haifikii mlo kamili. Kujinyima nyama huanzia miaka 14. Hayo ndiyo masharti, na si makali. Ugumu uko kwingine: ile fedha ya chakula usichokula inakwenda wapi? Ikibaki mfukoni, umepunguza mwili tu. Weka bahasha mezani, kila mtu nyumbani atumbukize alichojinyima, soda ya mtoto hadi bia ya baba, na mkubaliane mapema itamfikia nani.

6. Toa zaka, uliza hesabu

Bahasha ya zaka, sadaka, mchango wa ujenzi, mnada wa kuku na mikungu ya ndizi baada ya misa: yote haya ndiyo yanayolipa umeme wa kanisa na posho ya katekista. Toa kwa kadiri ulivyojaliwa. Lakini kuuliza fedha ilivyotumika si utovu wa adabu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1287, inawataka wasimamizi wa mali wawape waamini hesabu ya walichotoa. Uliza kwenye kikao, kwa heshima. Usiulizie kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku.

7. Mgonjwa atembelewe kwa adabu

Piga simu kwanza. Nendeni wawili. Kaeni muda mfupi, kwa kuwa mgonjwa anayelazimika kukaa wima kuzungumza na wageni kumi na wawili wa jumuiya anachoka kuliko ugonjwa unavyomchosha. Sabuni, sukari na nauli ya kliniki vina faida kuliko hadithi za shangazi yako aliyekufa kwa maradhi hayo hayo.

Muulize kama angependa padre aje. Watu wengi bado wanaogopa Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa wakidhani ni tangazo la kifo, hata wanafamilia humficha mgonjwa. Sakramenti hiyo ni ya anayeugua sana, anayesubiri upasuaji mkubwa, mzee aliyedhoofika, na inaweza kurudiwa akiugua tena. Asisubiriwe hadi apoteze fahamu. Siku ya Wagonjwa Duniani, tarehe 11 Februari, ni nafasi nzuri ya kumkumbusha mwenyekiti, ila mwaka una siku nyingine nyingi.

Kwa mfiwa, fanya kinyume cha desturi. Siku ya mazishi watu wamejaa, sufuria zimejaa, kwaya ipo. Mjane anahitaji mtu wiki ya nne, turubai limeshakunjwa na mwenye nyumba anadai kodi. Nenda wakati huo.

8. Huduma haiulizi kadi ya ubatizo

Jirani yako Mwislamu akifiwa, nenda na mchango wako kama anavyokuja kwako. Mtaani hili ni jambo la kawaida, na mwenyekiti wa jumuiya akisita, mkumbushe habari ya Msamaria.

9. Kataa kazi ya tatu

Kila parokia ina mama mmoja aliye mweka hazina wa jumuiya, mjumbe wa halmashauri ya walei, mlezi wa Utoto Mtakatifu, mwanakwaya na mpambaji wa altare. Wote wanamsifu, na nyumbani kwake watoto wanakula wakiwa peke yao. Sifa hiyo imezidi kipimo, na inawafungia vijana mlango. Kama tayari una vyeo viwili parokiani, mtafute kijana mmoja kabla ya uchaguzi ujao, mfundishe kazi, mkabidhi daftari, na asipofanya kama ulivyofanya wewe, mwache.